UDHIBITI WA MINYOO WA NDANI KWA PUNDA

Punda ni mchukuzi wa kaya nyingi za Mkoa wa Mwanza. Hubeba maji, kuni na mazao, na huvuta mikokoteni kwenda minadani. Adhoofikapo, mzigo wake huhamia vichwani mwa akina mama na watoto. Tena kumpata mwingine si jambo jepesi: biashara ya ngozi ilipunguza punda barani kiasi ambacho Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipiga marufuku uchinjaji wao kwa ajili ya ngozi.

Adui wa punda asiyeonekana ni minyoo. Minyoo wa utumbo hutaga mayai ambayo hutoka pamoja na kinyesi. Mayai huanguliwa malishoni, na mabuu hupanda majani mabichi, hususan wakati wa mvua za vuli na masika. Punda alapo majani hayo huwameza. Katika mabonde na kandokando ya Ziwa Viktoria kuna pia minyoo wa ini, wanaokulia ndani ya konokono wa majini. Hao huwashambulia ng'ombe, kondoo, mbuzi na punda vilevile.

Dalili ni kukonda hali mnyama anakula, manyoya kuwa makavu na yenye kusimama, fizi kupauka, kuhara na maumivu ya tumbo. Watoto wa punda huvimba tumbo na kudumaa.

Wafugaji wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kinyesi kiondolewe zizini na malishoni angalau mara mbili kwa juma, kirundikwe kioze. Samadi mbichi isimwagwe malishoni.

2. Malisho yapumzishwe kwa utaratibu wa ngitiri, au yalishwe ng'ombe baada ya punda, kwani minyoo wengi wa utumbo wa punda hawakui ndani ya ng'ombe.

3. Punda wanyweshwe maji safi ndooni, wala wasilishwe kwenye matope yenye konokono.

4. Kabla ya dawa, kinyesi kibichi kipimwe ili ijulikane ni punda yupi anayestahili kutibiwa. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kipo Mwanza.

5. Dawa itolewe kwa uzito wa mnyama, kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo. Punda wa kilo 140 akipewa kipimo cha kilo 100, minyoo wenye nguvu hubaki, huzaana, na hatimaye dawa hiyo haifanyi kazi tena. Ieleweke pia kwamba ivamektini haiui minyoo wa ini.

Wahenga walinena, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Lakini punda akifa njiani kwa minyoo, mzigo wa bwana haufiki. Ni wajibu wa kila mfugaji kumtunza angali mzima.