Gitaa la Bei Nafuu: Shika Shingo Kwanza

Anayenunua gitaa la umeme kwa mara ya kwanza huvutwa na rangi. Namsihi aanze na shingo. Nyuzi zilizokaa juu mno huumiza vidole, na wanafunzi wengi huliacha gitaa wakidhani wamekosa kipaji, kumbe gitaa halikurekebishwa.

Yapo ya bei nafuu yanayofaa hata jukwaani: yale ya Squier, chapa ya Fender ya bei ya chini, au Yamaha Pacifica 112. Hilo la pili lina freti 22 na pikapu tatu, mbili za koili moja na moja ya koili mbili karibu na daraja, kwa hiyo linatoa sauti nyembamba ya solo ya rumba na ile nene ya roki. Ila magitaa mawili ya aina moja huweza kutofautiana mkononi. Jaribu lilelile utakaloondoka nalo.

Bonyeza kila uzi, freti baada ya freti, hadi mwisho. Noti ikikwaruza au kufa mahali pamoja tu, huenda freti ya jirani imenyanyuka. Tazama nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12. Milimita 2 hivi inatosha. Kisha uguse uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, uupige, halafu ubonyeze na kupiga tena. Sauti hizo mbili zilingane. Kwa wapigaji wa dansi la Kongo na Tanzania kipimo hiki ni cha lazima, maana solo yetu hupanda sana juu ya shingo, na kasoro ya huko husikika kwa bendi nzima.

Sauti zisipolingana, fundi husogeza kijichuma cha darajani kwa bisibisi. Shingo iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani yake. Iliyojisokota iache hukohuko dukani.

Katika bajeti tenga fedha za amplifaya, waya, nyuzi mpya na fundi. Ningechagua gitaa la bei ya chini lililopita kwa fundi kuliko la ghali ambalo halijaguswa. Na likipoteza tyuni kila mara, usikimbilie kubadilisha vikazio: paka risasi ya penseli kwenye vijia vya nyuzi pale kichwani, kwani mara nyingi uzi hukwama hapo.