Joto la Ukomo wa Hedhi na Uchaguzi wa Dawa

Mtowisa ipo katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa, mahali penye joto na malaria. Mwanamke wa huko mwenye miaka 50 anapoamka usiku amelowa jasho ni rahisi adhani ana homa, akanunua dawa ya mseto bila kupima. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu katika dakika 20 hivi. Ikiwa hakionyeshi vimelea, na joto hilo limekuwa likija na kutoweka kwa miezi kadhaa, mhudumu wa afya aulizwe kuhusu ukomo wa hedhi. Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi na kukonda ni jambo jingine. Hapo hupimwa kifua kikuu.

Wanawake wengi huambiwa wavumilie mwaka mmoja au miwili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulionesha vingine: miongoni mwa waliopata vipindi vya joto mara kwa mara, nusu waliendelea navyo kwa zaidi ya miaka 7. Huo si muda wa kumtaka mtu avumilie tu.

Dawa yenye nguvu zaidi ni homoni ya estrojeni. Mwenye mfuko wa uzazi huongezewa projesteroni, kwa kuwa estrojeni peke yake yaweza kusababisha saratani ya mfuko huo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu kwa kawaida hapewi homoni za kumeza. Daktari aweza kumwandikia dawa nyingine, kama vile gabapentini. Ukavu ukeni, ambao mara nyingi hauishi wenyewe, hutibiwa kwa kilainishi au krimu yenye estrojeni kidogo.

Dawa hizi za homoni hutolewa kwa cheti cha daktari, na huenda ikalazimu kupanda hadi Sumbawanga kuzipata. Kwa kuwa nauli si ndogo, andika kabla ya safari tarehe ya hedhi ya mwisho, idadi ya vipindi vya joto kwa siku na dawa unazotumia. Usikubali vidonge vya uzazi wa mpango vinavyouzwa kwa madai ya “kurudisha hedhi”: katika umri huo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, vyaweza kugandisha damu.

Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi, hata kidogo, nenda kituo cha afya ukachunguzwe kabla ya kutumia dawa yoyote.