Dondoo muhimu: Iamini chipu kabla ya kitabu chake

Anayeandika emuleta ya prosesa huanza na kitabu cha maelezo, na makosa mengi huzaliwa hapohapo. Chukua 6502 ya MOS Technology, iliyotoka mwaka 1975. Amri yake ya JMP inayopitia anwani nyingine hutarajiwa kusoma baiti mbili zinazofuatana. Chipu yenyewe, ikipewa $10FF, husoma baiti ya kwanza hapo, kisha ya pili huichukua $1000 badala ya $1100. Ni kasoro, lakini emuleta inayoirekebisha ndiyo iliyokosea, maana kazi yake ni kuiga. Kwa hiyo, baada ya kila amri chapisha rejista, bendera na hesabu ya saikeli, ulinganishe na rekodi iliyothibitishwa. Prosesa ya konsoli ya NES, ambayo ni aina ya 6502, ina programu ya majaribio iitwayo nestest, yenye rekodi ya namna hiyo. Prosesa nyingine, Z80, ina programu ya majaribio ya ZEXALL, inayokagua hata bendera zisizotajwa rasmi. Unapolinganisha rekodi, simama kwenye mstari wa kwanza unaotofautiana. Ya chini yake mara nyingi ni matokeo tu.

Wapo watakaosema michezo inachezeka bila usumbufu huu. Kweli, ila mchezo mmoja hupima amri unazozitumia tu, na mara nyingi si zile ngumu. Pingamizi zito ni kasi: kufuata kila saikeli hula nguvu, na kijana anayejifunza huenda ana kompyuta mpakato ya mtumba. Hata hivyo prosesa ya NES haifiki megahezi 2, mzigo ambao mashine hiyo inaubeba. Ukitaka kupunguza kazi, anzia kwenye uchoraji wa picha.