MIZANI NAYO IPIMWE

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kifaa ambacho kila mama amekiona kliniki, lakini ni wachache wanaokiuliza swali. Kifaa hicho ni mizani.

Kwetu Simiyu mizani si kitu kigeni. Mkoa wetu unaongoza kwa kulima pamba katika Tanzania. Msimu wa kuuza ukifika, mkulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega hasimami mbali na mizani. Anasogea karibu. Anaangalia kama mshale umeanzia kwenye sifuri kabla mzigo wake haujatundikwa. Anauliza kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, chombo cha serikali kilichoanza kazi mwaka 2002, ambacho huhakiki mizani za biashara kila mwaka. Anafanya vizuri, maana kilo moja iliyopunjwa ni jasho lake.

Lakini familia hiyohiyo ikimleta mtoto kliniki, mizani huaminiwa tu. Namba huandikwa kwenye kadi, mama hufunga mgongoni, safari ya nyumbani huanza. Je, kilo ya mtoto ina thamani ndogo kuliko kilo ya pamba?

KUPIMA NI KULINGANISHA

Kupima maana yake ni kulinganisha kitu usichokijua na kitu kinachojulikana. Tukisema mtoto ana kilo 8, tunasema uzito wake ni sawa na wa mawe manane ya mizani ya kilo moja moja. Bila jiwe linalojulikana, namba 8 haina maana yoyote.

Na jiwe lenyewe limejulikanaje? Kwa kulinganishwa na jiwe jingine lililo bora zaidi. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha madini kilichotunzwa karibu na jiji la Paris, Ufaransa. Tangu tarehe 20 Mei 2019 wataalamu waliacha kutegemea kipande hicho, wakaifunga kilo kwenye kanuni ya maumbile isiyochakaa wala kupotea. Hapa nchini Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, lina maabara ya kazi hii. Vipimo vya taifa hulinganishwa na vya kimataifa, mawe ya wakaguzi hulinganishwa na ya taifa, na mizani ya kijijini hulinganishwa na mawe ya wakaguzi. Ni kama ukoo: kila mmoja ana mzazi wake. Mizani ambayo haijalinganishwa na chochote kwa miaka mingi ni kama mtu asiyejua kwao.

Kazi hii ya kulinganisha kifaa na kipimo kinachoaminika, na kujua kimekosea kiasi gani, wataalamu huiita ugezi.

MIZANI YA SPRINGI INAVYOFANYA KAZI

Mizani ya kuning'iniza tunayotumia kliniki, ile yenye uso wa mviringo na kaptula ya kumvalisha mtoto, ina springi ndani. Mtoto anapovuta, springi hurefuka na mshale huzunguka. Kilo 10 huirefusha springi mara mbili ya kilo 5. Nyingi za mizani hizi hupima hadi kilo 25, na kila mstari mdogo ni gramu 100.

Springi huchoka. Ukiitundikia mzigo kupita uwezo wake hurefuka moja kwa moja, isirudi tena kama zamani. Ndiyo maana tunawaomba walinzi wa zahanati na viongozi wa vijiji: mizani ya watoto isiazimwe kupimia mahindi wala pamba, hata kwa nusu saa. Vumbi, kutu na kuanguka navyo huiharibu.

MAKOSA YA MIZANI YAKO YA NAMNA TATU

1. Kosa la sifuri. Mizani ikiwa tupu inaonyesha gramu 300. Kila mtoto ataongezewa gramu 300: wa kilo 5 atasomwa 5.3, wa kilo 10 atasomwa 10.3. Kosa hili ni rahisi. Skrubu ya kurekebishia ipo, na mshale hurudishwa kwenye sifuri kaptula ikiwa imeshatundikwa.

2. Kosa linalokua na mzigo. Mizani tupu iko sifuri kabisa, lakini jiwe la kilo 5 linasomwa 5.1, la kilo 10 linasomwa 10.2, na la kilo 20 linasomwa 20.4. Kosa hili hujificha, kwa sababu anayeangalia sifuri peke yake huondoka akiwa ameridhika. Skrubu ya sifuri haiwezi kuliponya. Mizani hiyo ipelekwe kwa fundi au ibadilishwe. Kwa hiyo ukaguzi wa kweli hufanywa mahali pengi: kwenye sifuri, chini, katikati na juu.

3. Kosa la kuyumba. Jiwe lilelile linapimwa mara tatu, linatoa majibu matatu yaliyoachana. Hapo kuna kitu kinachokwama au kimelegea. Mizani hii ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa huwezi hata kujua utoe kiasi gani.

Tuangalie vizuri jambo moja. Mizani inayotoa jibu lilelile kila mara si lazima iwe sahihi. Shahidi anaweza kurudia uongo mmoja mara kumi bila kubadilisha neno.

HATARI IKO WAPI?

Mwingine atasema, gramu 300 ni nini? Tuchukue malaria, ugonjwa tunaoujua. Dawa ya mseto ya ALu hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi. Akifika kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Sasa mtoto mwenye kilo 15.2 akipimwa kwa mizani inayopunja gramu 300, atasomwa 14.9. Atapewa nusu ya dawa anayostahili. Vijidudu vinaweza kubaki mwilini, homa irudi, na mama alaumu dawa kumbe lawama ni ya mizani.

Tuchukue na kadi ya kliniki. Mstari wa mtoto ukipanda mwezi hadi mwezi tunafurahi, ukilala au kushuka tunashtuka. Kituo kikibadilisha mizani bila kulinganisha ya zamani na mpya, watoto wa kijiji kizima wanaweza kuonekana wamekonda ndani ya mwezi mmoja. Mama anagombezwa bure kwamba halishi mtoto. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: mtoto amepungua kweli, lakini mizani mpya inazidisha, basi mstari unapanda na hakuna anayestuka.

Utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 nao ni mkali. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Utepe uliovutika, au uliokazwa kwa nguvu, unaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine kwa milimita mbili tu.

Kwa wazee wetu kuna kipimo cha shinikizo la damu. Kile chenye saa ya mshale lazima kisimame kwenye sifuri kisipokuwa na upepo, nacho kilinganishwe na kingine kinachoaminika, hasa kikishaanguka. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huzidisha namba. Bibi aliyepanda baiskeli kutoka Dutwa hadi Bariadi mjini apumzike kwanza angalau dakika 5, akae ameegemea, mkono uwe usawa wa moyo. Namba 140 juu ya 90 si ya kuandikwa kwa haraka, maana inaweza kumwanzishia mtu dawa za maisha.

NJIA RAHISI YA KUKAGUA

Mawe ya mizani yaliyohakikiwa ndiyo bora. Lakini zahanati isiyo nayo isikae bure. Chukueni madumu mawili ya plastiki, moja dogo na moja la lita 5. Yajazeni mchanga mkavu, yafungeni na kuyaziba kwa gundi. Yapelekeni kwenye mizani iliyohakikiwa, yapimwe, kisha andikeni uzito wa kila dumu kwa rangi isiyofutika, pamoja na tarehe. Kila asubuhi ya kliniki yatundikwe kabla ya mtoto wa kwanza, na majibu yaandikwe daftarini. Siku mshale utakapohama, mtajua siku hiyohiyo.

Kwa nini mchanga, si maji? Maji nayo ni kipimo kizuri: lita moja ya maji safi ni karibu kilo moja kamili, na kwenye joto la kawaida la kwetu hupungua kwa gramu chache tu. Lakini maji huvuja na kukauka. Mchanga mkavu uliozibwa haukimbii.

Na anayepima ana wajibu wake. Asimame macho yakiwa usawa wa mshale. Akiangalia kutoka pembeni, mshale huonekana umehama. Mtoto avuliwe nguo nzito na viatu, asiguse ardhi wala mama asimshike. Mshale ukitulia ndipo usomwe. Namba ikishangaza, mtoto apimwe tena kabla ya kuandika.

NA NYUMBANI JE?

Sokoni mmeambiwa mara nyingi mkatae lumbesa, kwa sababu gunia si kipimo. Basi na jikoni kijiko si kipimo. Vijiko vya chai havilingani: kimoja hubeba mililita 3, kingine 7. Dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa kikombe au bomba lililokuja nayo. Kadhalika pakiti ya ORS isomwe kwanza. Kama imeandikwa lita moja, tumieni chombo mnachojua hakika ni cha lita moja, si jagi la kukisia. Maji yakiwa machache, chumvi inazidi na kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi, dawa inapungua nguvu.

Mama anayepeleka mtoto kliniki ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Nesi, mizani iko sifuri?" Sisi wauguzi tusikasirike. Swali hilo si dharau, ni msaada. Mkulima anauliza kwa ajili ya pamba yake, naye mama aulize kwa ajili ya mwanawe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Mizani ya zahanati yetu ilihakikiwa lini, na nani anajua?
2. Kwa nini kuangalia sifuri peke yake hakutoshi?
3. Nyumbani kwetu tunapimia dawa ya mtoto kwa chombo gani?
4. Kamati ya zahanati inaweza kufanya nini ili madumu mawili ya mchanga yapatikane kabla ya kliniki ijayo?