Kifungua Mimba na Kitinda Mimba Chini ya Paa Moja



Msimu wa bonasi ya chai ukifika, huku kwetu kuanzia Othaya hadi Mukurwe-ini, pesa na kelele huingia nyumbani kwa mlango mmoja. Kelele za nyumba yangu nazijua vizuri, kwa hivyo nianze nazo.

Jioni moja tukiwa mezani simu ililia. Alikuwa ndugu yangu mdogo, naye alitaka karo ya mwanawe. Hata kabla hajamaliza salamu, viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho na moyo ukinipiga kama ngoma. Nilipoiweka simu, nikamgeukia mke wangu nikitaka tulizungumze jambo hilo pale pale. Yeye akainuka, akachukua ndoo, akaenda kumkamua ng'ombe. Nikamfuata hadi zizini. Huko ndiko ugomvi ulikoanzia, na haukuwa wa karo tena. Mimi nilisema ananikimbia. Yeye alisema namsukuma ukutani.

Mimi ni kifungua mimba, wa kwanza kati ya watoto saba. Mke wangu ni kitinda mimba. Je, nafasi ya mtu katika kuzaliwa yaweza kugeuza namna mwili wake unavyoshtuka?

Tutazame mwili kwanza. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu akiogopa, akikasirika, au hata akifurahi kupita kiasi, tezi hizo humwaga homoni. Ya kwanza ni adrenalini, nayo huja upesi mno: moyo huenda mbio, pumzi hupanda. Ya pili huitwa kotisoli. Hii huja polepole, ikafika kileleni baada ya dakika 20 au 30 hivi, kisha huchukua muda kushuka. Ndiyo sababu mtu aweza kusema "yameisha" huku mwili wake ungali vitani. Tezi hizo kifungua mimba anazo, na kitinda mimba anazo vile vile. Kinachotofautiana ni jambo linalozigutusha, na mwenye nazo anakimbilia wapi zikigutuka.

Mwaka 1959 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Stanley Schachter, alichapisha majaribio aliyofanya na wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Aliwatisha baadhi yao kwamba wangepitishiwa umeme wenye uchungu, kisha akawauliza kama wangependa kungoja peke yao au pamoja na wenzao. (Hakuna aliyepitishiwa umeme huo.) Miongoni mwa walioogopa, vifungua mimba na watoto wa pekee ndio waliotaka zaidi kungoja na wenzao. Waliozaliwa baadaye hawakulihitaji sana jambo hilo. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka zizi langu mara moja.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Mwaka 2015 wataalamu wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 20,000 kutoka Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakaona kwamba nafasi ya kuzaliwa haiamui kama mtu atakuwa mpole au mwepesi wa kushtuka. Basi asiwepo mume wa kumwambia mkewe, "Wewe ni kitinda mimba, ndiyo maana umedeka." Hilo ni tusi tu.

Sasa ni nini kinachonitoa jasho simu ikilia? Nadhani ni mzigo, wala si namba. Kwetu Wagikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Irigithathi huanza maisha akiwa amebeba mzee mzima mgongoni. Akikua ataulizwa karo, ataulizwa shamba, ataulizwa matanga. Kihinga nda naye hujifunza jambo jingine: wakubwa wakigombana, yeye hutoka nje akangoja upepo upite. Mke wangu alijifunza hivyo akiwa na miaka mitano. Hakuwa akinidharau.

Hapa hapa Kenya tuna somo kutoka kwa nyani. Tangu mwaka 1978 Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akipima damu ya nyani wa Masai Mara. Aliona kwamba madume wa vyeo vya chini, wanaoonewa kila siku, hukaa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika. Miaka ya 1980 kundi moja lilipoteza madume yake wakali, waliougua kifua kikuu kwa kula nyama mbovu kwenye jalala la hoteli ya watalii. Waliobaki walikuwa wapole. Vyeo viliendelea kuwepo, lakini uonevu ulipungua, na wale wa chini hawakuwa tena na dalili zile za mwili unaoteseka. Sisi si nyani, najua mtaniambia. Hata hivyo tezi zetu ni ndugu.

Kwa hiyo tazameni pia mzigo mnaowatwika watoto wenu. Msichana wa kwanza ambaye kila mtoto mchanga akilia ndiye anayeitwa, ambaye sahani ikivunjwa na mdogo wake anachapwa yeye, anajifunza kushtuka. Siku moja ataolewa na kuingia na mshtuko huo kwenye nyumba ya mtu mwingine, naye mumewe hataelewa kwa nini kikombe kikianguka anatetemeka.

Mimi na mke wangu tulipatana hivi. Simu ya karo ikija, namjibu ndugu yangu kwamba nitampigia kesho. Mke wangu anaenda zake kukamua, nami simfuati. Mwanzoni dakika hizo zilikuwa ndefu kuliko kwaresima! Lakini naye aliahidi kitu: maziwa yakishachujwa, atarudi na kuketi, hata kama hana neno la kusema, kwa sababu anajua mimi siwezi kulala na jambo peke yangu. Mwaka huu bonasi ilipokuja, yeye ndiye aliyeanza. Aliweka sufuria chini akauliza, "Mzee, yule mtoto wa ndugu yako amepungukiwa shilingi ngapi?"