Talaka kwa Njia ya Mtandao: Agano na Hati

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kum. 24:1–4, Mt. 1:18–20, Mal. 2:13–16, Mt. 18:15–17, Kut. 20:16, Kut. 21:10, Mt. 19:3–9, 1 Kor. 7:10–16.

Fungu la Kukariri: Mathayo 19:6.

Zamani talaka ilihitaji safari: kwa wazee, kwa mchungaji, kwa wakili, hadi mahakamani. Leo, katika nchi kadhaa, mtu anaweza kuianza akiwa ameketi kitandani na simu mkononi. Uingereza na Wales ni mfano ulio wazi. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, mume au mke, au wote wawili pamoja, wanaweza kuomba talaka kupitia tovuti ya serikali kwa kutamka tu kwamba ndoa yao imevunjika kabisa. Haihitajiki tena kuthibitisha kosa la mwenzi. Zipo pia kampuni binafsi zinazojaza fomu hizo kwa malipo.

Huko wanaishi waumini wenzetu wanaozungumza Kiswahili, na wapo ambao wenzi wao wamebaki nyumbani. Fomu iliyojazwa Reading inaweza kumfikia mke aliyeko Mwanza. Juma hili tutajifunza kwamba wepesi wa njia haukulifanya agano kuwa jepesi. Mambo tunayodaiwa na Mungu kabla ya talaka, wakati wake na baada yake ni yale yale.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Hati Mkononi

Soma Kumbukumbu la Torati 24:1–4. Mume alitakiwa kufanya nini kabla ya kumwacha mkewe?

Musa hakuanzisha talaka. Aliikuta ikifanyika, akaiwekea mipaka. Mume hakuweza kumfukuza mke kwa neno la hasira tu. Ilimpasa aandike hati na kumpa mkononi. Hati hiyo ilimlinda mwanamke, maana bila hiyo asingeweza kuthibitisha kwamba hakuwa tena mke wa mtu. Kwa hiyo hati yenyewe si adui, wala mtandao inakopatikana si dhambi.

Mafarisayo walipomjia Yesu (Mt. 19:3–9) waliuliza habari za hati. Yeye aliwarudisha kwenye mwanzo, kwa Mungu aliyewaunganisha wawili. Alisema Musa aliwapa ruhusa kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao.

Hata sheria ya Uingereza imeacha nafasi ya kufikiri. Ni lazima zipite wiki 20 tangu maombi yaanze rasmi ndipo mwombaji aombe amri ya masharti, kisha wiki nyingine 6 kabla ya amri ya mwisho. Mkumbuke Yusufu. Alikusudia kumwacha Mariamu kwa siri, lakini malaika alimkuta angali akiyafikiri hayo (Mt. 1:19, 20).

Je, mshiriki aliyekwisha kutuma maombi anaweza kuzitumiaje wiki hizo mbele za Mungu?

JUMATATU: Shahidi Asiyesahaulika

Soma Malaki 2:13–16. Ni nani aliye shahidi kati ya mume na mke wa ujana wake?

Wanaume wa siku za Malaki waliendelea kuleta sadaka madhabahuni huku wakiwatendea wake zao kwa hiana. Mungu hakuipokea sadaka yao, kwa kuwa alikuwapo siku walipofunga agano.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipitie kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linathibitisha hivyo kwa maandishi, ndipo mtu aende mahakamani. Hali chache zimeondolewa katika sharti hilo, mfano mwenzi aliyemtelekeza mwenzake na hajulikani alipo. Kwa jumla, sheria inataka mtu wa tatu awasikilize wawili hao.

Huko Uingereza sharti hilo halipo. Mwenzi hupokea taarifa, mara nyingi kwa barua pepe, na hutakiwa kujibu ndani ya siku 14. Akisema tu kwamba hataki kuachwa, hilo halizuii talaka. Basi mke anaweza kusoma kwenye simu jambo ambalo mumewe hakuwahi kumwambia kwa kinywa chake. Mathayo 18:15 inatuagiza twende kwanza kwa ndugu yetu, sisi wawili peke yetu. Pale ambapo serikali haiwaiti wapatanishi, kanisa lisisubiri kuitwa. Lakini penye kipigo au vitisho, tusimlazimishe aliyeumizwa kuketi chumba kimoja na anayemuumiza.

JUMANNE: Tamko la Kweli

Soma Kutoka 20:16. Amri hii inahusianaje na fomu inayojazwa bila mtu kututazama?

Mwisho wa maombi hayo pana tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli: mahali unapoishi, tarehe ya ndoa, anwani ya mwenzi wako. Ni rahisi kushawishika. Mwingine huandika anwani ya zamani ili mwenzi achelewe kupata taarifa. Mwingine hudai makazi asiyokuwa nayo ili atumie mahakama iliyo nyepesi zaidi.

Mwaka 2014, kabla ya mfumo wa sasa, mahakama ya Uingereza ilishughulikia maombi 180 ya talaka ya wanandoa wa Italia yaliyopitia kwa wakala. Karibu yote yalionyesha anwani moja katika mji wa Maidenhead, na anwani hiyo ilikuwa sanduku la barua tu. Jaji alitangaza kwamba talaka zilizotolewa kwa udanganyifu huo ni batili. Mtu aliyeamini kwamba yu huru akagundua kwamba bado ana mume au mke.

Kwa nini muumini hawezi kusema, "Wakala ndiye aliyejaza"?

JUMATANO: Chakula na Mavazi

Soma Kutoka 21:10. Mungu alikataza nini kupunguzwa kwa mke, hata aliye mnyonge kabisa katika nyumba?

Wengi hudhani amri ya mwisho ya talaka humaliza kila kitu. Sivyo. Nchini Uingereza amri hiyo huvunja ndoa, lakini peke yake haigawi nyumba wala akiba, wala haiamui watoto wataishi na nani. Makubaliano ya fedha yanahitaji amri ya mahakama ili yawafunge wote wawili. Mambo hayo yakiachwa wazi, madai yanaweza kuibuka miaka mingi baadaye. Tena, mtaliki wako akifa baada ya amri ya mwisho, unaweza kukosa mafao ya mjane katika pensheni yake. Kwa hiyo huduma ya bei nafuu inaweza kumgharimu sana asiyejua sheria, na mara nyingi huyo ni mama aliyebaki na watoto.

Mtume Paulo anasema kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Tim. 5:8). Talaka haiwaondoi watoto katika hesabu hiyo. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, mshiriki atafute ushauri wa mwanasheria aliyesajiliwa.

ALHAMISI: Huru Mbele ya Nani?

Soma 1 Wakorintho 7:10–16 na Mathayo 19:9. Maandiko yanataja sababu zipi?

Mahakama haiulizi tena sababu. Kanisa bado linauliza. Mwongozo wa Kanisa, ukifuata maneno ya Kristo na ya Paulo, unataja uasherati na uzinzi, na pia kuachwa na mwenzi asiyeamini. Unakubali kwamba mambo kama kipigo yanaweza kumfanya mtu atengane au hata apate talaka ya kisheria. Lakini talaka hiyo peke yake haimpi haki ya Kimaandiko ya kuoa au kuolewa tena.

Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni kufikiri kwamba hati ya serikali inajibu swali la dhamiri. Ya pili ni kumhukumu kila aliyeipata. Dada anayepigwa, ambaye hawezi kutoka bila kuulizwa anakokwenda, huenda simu ndiyo mlango pekee uliokuwa wazi kwake. Tusimwite mvunja agano, kwa kuwa agano lilivunjwa na ngumi kabla ya fomu hiyo. Msaada wa kwanza tunaodaiwa naye ni usalama.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma tena Malaki 2:13–16 na Mathayo 1:18–25 kwa sala. Angalia jinsi Yusufu alivyokuwa mwenye haki na mwenye huruma kwa wakati mmoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anakuja kwenu na amri ya mwisho ya talaka aliyoipata mtandaoni, akiomba kufunga ndoa mpya. Baraza la kanisa lianze kwa kuuliza nini, na lisiulize nini?

2. Mke aliye katika kanisa lenu amepokea taarifa ya talaka kutoka kwa mumewe aliye ng'ambo. Ana siku 14 za kujibu, hajui Kiingereza. Nani katika darasa lenu anaweza kuketi naye leo?

3. Je, wanandoa wa kanisa lenu wanajua waende kwa nani *kabla* ya kufikiria talaka? Kama hawajui, darasa lenu lifanye nini juma hili?