Mafunzo Niliyopata Kwenye Mikia ya Maneno ya Kiingereza

Wewe unayejiandaa kukaa mbele ya jopo la usaili, au kusimama mbele ya wageni ukingoni mwa Ngorongoro, msamiati unao. Hata mimi nilikuwa nao. Katika miaka yangu ya kuongoza watalii, kilichonitoa jasho ni zile sauti moja mbili za mwisho wa neno.

1. Wenzetu huficha habari mkiani

Siku moja karibu na Seronera, Serengeti, niliwaonyesha wageni nyayo nikitaka kuwaambia kwamba simba walipita pale. Mzee mmoja akatoa darubini, akajiweka sawa kitini na kuuliza: huwa wanapita saa ngapi? Nilidhani nimesema "passed". Kumbe nimesema "pass", mkia nimeumeza. Kwa aibu nikaacha tuwasubiri simba ambao nilijua wameshakwenda zao.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Sisi wakati na idadi tunavitaja mapema: wanapita, walipita, kitabu, vitabu. Sikio letu huwa macho neno linapoanza, likifika mwisho linapumzika. Kiingereza kinangoja mpaka mwisho: "pass", "passed", "book", "books". Ukikata mkia, msikilizaji hajui tena kama jambo limekwisha au linaendelea. Kwenye usaili, kazi uliyoacha zamani anaweza kudhani bado unaifanya.

2. Irabu ya ziada si dawa

Nikajitibu kwa ukali: "pasedi", "wokedi", "bukisi". Mwenzangu mmoja akaniambia nasikika kama shemasi anayesoma Waraka kwa Wakorintho. Ulimi wetu ndivyo ulivyozoea; "bank" tuliipokea ikawa benki, "shirt" ikawa shati.

Kanuni ni fupi, na inaniudhi kwamba niliijua uzeeni. Katika vitenzi, "-ed" huwa silabi kamili pale tu inapofuata sauti ya t au d: "wanted", "needed". Kwingine ni sauti moja: t katika "walked", d katika "called". Na "-s" ina tabia hiyohiyo: s katika "books", z katika "dogs", silabi nzima katika "buses". Weka vidole kooni. Sauti inayotangulia ikitetemesha koo, jibu ni d au z.

3. Vuta irabu, konsonanti iache

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Nilikuwa nikiipigilia g ya "bag" kwa nguvu ili isifanane na "back", na wageni wakiniangalia kwa huruma. Mama mmoja, mwalimu kwao Uingereza, akaniambia niiache g ipoe, nirefushe a kidogo. Nikaanza kuwasikiliza wenyewe: mara nyingi konsonanti ile ya mwisho hata hawaiachii, ulimi unaziba tu. Kinachosaidia sana sikio kutofautisha ni urefu wa irabu, na irabu ya "bag" ni ndefu kuliko ya "back". Nguvu zote zile nilizitumia mahali pasipohitajika!

4. Isogeze sauti kwenye neno linalofuata

Hapa ulimi wetu una bahati. "Pick it up" katika mazungumzo husikika pi-ki-tap, na silabi za pi na ki tumezitamka tangu utotoni. Konsonanti ikifuatwa na irabu, huhamia huko. Kwa hiyo anzia na "walked in", "looked at", "passed over", na ujirekodi kwa simu. (Niliporudia kusikiliza rekodi yangu ya kwanza, mke wangu aliuliza ni nani huyo anayelalamika.)

Usijitese pia kuliko wenye lugha. Katika "last night" wao wenyewe mara nyingi huidondosha ile t. Zikishakaa hizo rahisi, nenda kwenye "asked them" na "walked past". Hizo hata mimi, jioni nikiwa nimechoka na vumbi, bado huniponyoka.